Sindano iliyobaki ng'ambo ya kizuizi

Mdogo wangu hudungwa sindano moja kila baada ya wiki nne. Akiipata, analala usiku, anaamka alfajiri, anakwenda msikitini, na jioni utamkuta barazani akibishana na wenzake habari za mpira. Akiikosa, wiki ya kwanza huoni kitu. Ya pili, usingizi unaanza kupungua. Ya tatu, anasikia watu wakimsengenya nyuma ya ukuta, na ukimwambia hakuna mtu, wewe nawe umeshakuwa adui. Maradhi haya tumeishi nayo miaka mingi. Nyumbani kwetu tarehe ya sindano huandikwa kwenye kalenda ya nyakati za sala, ikazungushiwa wino mwekundu.

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Mji wa Kale hapa Mombasa na Eastleigh kule Nairobi zinafungwa kwa siku 15. Asiingie mtu, asitoke mtu. Baadaye siku hizo ziliongezwa mpaka mwanzoni mwa Juni. Sindano ya mdogo wangu ilikuwa wiki ile iliyofuata. Kliniki yake iko upande wa bara, na sisi tuko ndani ya kizuizi.

Niseme wazi kwamba sikuona amri yoyote iliyosema mgonjwa asiende hospitali. Lakini amri ya karatasini na amri ya kizuizini ni vitu viwili. Tulipofika pale, askari wa zamu, kijana mpole tu, alimtazama mdogo wangu juu mpaka chini. Kanzu safi, barakoa imekaa sawa, hakohoi, hachechemei. Akauliza, "Mgonjwa ni yupi?" Mamangu akamjibu, "Ni huyu mwanangu." Askari akasema, "Mama, huyu mbona mzima? Rudini, mtampeleka wakifungua." Mamangu hakutaka kuyataja maradhi yenyewe mbele ya majirani waliokuwa nyuma yetu. Mimi nami nilinyamaza. Tukageuka tukarudi.

Kufika Idi, mdogo wangu alikuwa amejifungia chumbani. Vyakula vya msaada vilivyoletwa mtaani aliamini vimetiwa sumu, na chochote kilichopikwa kwa unga ule hakukigusa. Mamangu aliisherehekea Idi ile ameketi sakafuni nje ya mlango, anamsomea na kumbembeleza ale tende. Ilichukua karibu mwaka mzima arudi kuwa yule tunayemjua, na kazi yake ya ushonaji hakuipata tena.

Nimeyasimulia haya kwa sababu yaliyotupata sisi hayakuwa bahati mbaya ya familia moja. Yalitokana na jinsi huduma ya afya ya akili ilivyopangwa katika nchi kama yetu, na janga la korona liliikuta imepangwa hivyo zamani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliziuliza nchi 130 kati ya Juni na Agosti 2020 hali ya huduma hizi. Nchi 93 katika kila 100 zilijibu kuwa huduma muhimu za afya ya akili zimevurugika au zimesimama. Karibu theluthi moja zilisema hata upatikanaji wa dawa umetatizika. Halafu kuna tarakimu mbili ambazo, kwangu mimi, ndizo zinazoeleza kila kitu. Asilimia 89 ya nchi zilisema afya ya akili imo katika mpango wao wa taifa wa kupambana na korona. Zilizokuwa na pesa kamili za ziada kwa kazi hiyo zilikuwa asilimia 17 tu. Yaani mipango iliandikwa karibu kila mahali, na fedha zikatengwa mahali pachache.

Nchi tajiri nazo ziliumia, tusidanganyane. Lakini zilikuwa na pa kushika. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi zenye kipato cha juu zilianza kuwahudumia wagonjwa kwa simu na video, na katika nchi maskini hazikufika nusu. Na hata pale simu ilipokuwepo, mtu anayehitaji sindano hawezi kudungwa kwa simu. Ushauri nasaha kwa simu unamfaa mwenye wasiwasi na huzuni, mwenye kusikilizwa akapata nafuu. Hapa Kenya laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu ilifanya kazi hiyo, na wako waliosaidika. Mdogo wangu wakati ule alikuwa anaiogopa simu yenyewe.

Tuirudie hali yetu kabla ya korona, kwa sababu jibu liko hapo.

Hospitali ya Mathari kule Nairobi ndiyo kubwa ya akili nchini. Ilifunguliwa kwa kazi hiyo mwaka 1910, wakati wa ukoloni, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Ajabu ya mambo, basi, ni kwamba huduma ya akili nchini mwetu ilizaliwa ndani ya karantini. Fikra ya wakati ule ilikuwa kumtoa mgonjwa kwa watu na kumweka mbali, nyuma ya ukuta. Zaidi ya miaka mia imepita, na fikra hiyo bado imekaa katika ramani ya huduma zetu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipochunguza suala hili mwaka 2017, alikuta kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya nne kwenda juu, zilizotoa huduma ya afya ya akili zilikuwa 29. Zahanati hata hazikuhesabiwa humo.

Sasa wewe chukua ramani hiyo, kisha funga barabara. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa tarehe 8 Aprili 2020. Mtu wa Taita Taveta au Tana River aliyezoea kuja Mombasa kwa kliniki akabaki kwao. Juu ya hapo kafyu ya usiku, matatu zimepandisha nauli kwa kuwa zinabeba abiria nusu, na mahoteli yamefungwa kwa sababu ndege za abiria kutoka nje zimezuiwa tangu Machi. Kijana aliyekuwa akimlipia babake nauli ya kliniki kwa mshahara wa hotelini, mshahara umekatika. Huduma iliyo mbali hukatika barabara inapokatika. Daktari na muuguzi walikuwepo zamuni siku ile tuliyorudishwa, na dawa ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kilomita chache.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi mengi ya wataalamu hulipita haraka, nami naona kwa watu wa Pwani lilikuwa zito kuliko yote. Sisi tulikuwa na sera yetu ya afya ya akili isiyoandikwa popote. Mtu akifiwa, watu hujaa nyumbani siku tatu, hapikwi, halali peke yake, mpaka khitma isomwe. Mwenye dhiki huketi barazani na wenzake, akanywa kahawa, akacheka hata kama hakupanga. Msikitini mara tano kwa siku unaonekana, na usipoonekana mtu atakuja kugonga. Mama aliyejifungua husimamiwa na wakubwa siku 40. Hivi vyote vilisimamishwa kwa wiki chache. Misikiti ilifungwa Machi, mazishi yakawekewa watu 15, harusi zikaahirishwa, tarawehe tukasali majumbani. Ilibidi, maana virusi havichagui mkusanyiko wa heri na wa shari. Lakini serikali inayoondoa nguzo ile inayowashikilia watu, ilistahili kuuliza itaweka nini mahali pake. Huyo mzee aliyefiwa na mkewe mwezi wa Juni, akazikiwa na watu wachache, akarudi kwenye nyumba tupu jioni ya kafyu, alipewa nini?

Kwa haki, serikali haikulala. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa msaada wa kisaikolojia wakati wa korona. Na kuna jopo kazi lililoundwa mwishoni mwa 2019, kabla hata ya korona, likiongozwa na daktari wa akili Frank Njenga, ambalo lilikabidhi ripoti yake Julai 2020, janga likiwa limepamba moto. Jopo hilo lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, ile ya mwaka 1989. Marekebisho hayo yanazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hii na kuitengea fedha, na yanataka pawe na baraza la afya ya akili katika kila kaunti. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba.

Hebu tukae kidogo kwenye hilo la mwisho. Wakati wote wa korona, wakati WHO inasema wasiwasi na sonona zimeongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza, sheria yetu ilikuwa inamwambia mtu aliyefika ukingoni akarudi kwamba anaweza kufungwa miaka miwili. Familia gani itampeleka mtoto wao hospitali aeleze ukweli? Watu walikuwa wakisema ameteleza, amekosea dawa. Daktari akisikia uongo anatibu uongo. Kwetu sisi kuna na aibu ya dini juu yake, na mashehe wenye busara wamekuwa wakisema kwamba mgonjwa huhurumiwa, hahukumiwi, lakini sauti zao hazikuwa zikisikika kuliko sauti ya kituo cha polisi.

Kwa hivyo sheria tunazo, na si mbaya. Tatizo ni lile lile la 89 na 17. Kabla ya janga, nchi za dunia kwa jumla zilikuwa zikitumia chini ya asilimia 2 ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili. Wenye kutetea hilo husema nchi maskini ina malaria, ina akina mama wanaofia kwenye uzazi, haina uwezo wa kufikiria mambo ya akili. Zamani hoja hiyo ilinishika. Sasa sioni mantiki yake, kwa sababu nchi kadhaa zisizo na pesa zimeonyesha vingine, na nitazitaja mbili.

Ya kwanza ni Sri Lanka. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliua watu zaidi ya 30,000 huko. (Mawimbi hayo hayo yalifika mpaka kwetu, na mtu mmoja alipoteza maisha upande wa Malindi.) Kabla ya siku hiyo, huduma ya akili Sri Lanka ilikuwa imerundikana katika hospitali kubwa za Colombo na jirani zake, kama sisi na Mathari. Msaada ulipomiminika na kila mtu anazungumza habari ya majonzi, serikali ilitumia nafasi ile. Mwaka 2005 ilipitisha sera mpya ya kuipeleka huduma wilayani, ikawafunza madaktari wa kawaida maradhi ya akili na kuwapanga huko. WHO ilipotazama baadaye, wilaya 20 kati ya 27 zilikuwa na huduma, na kabla ya tsunami zilikuwa 10. Pesa za msiba zilibaki zikiwa vituo na watu waliofunzwa, hata baada ya kamera kuondoka. Hiki ndicho tulichokikosa sisi. Korona ilituletea pesa, vitanda na mashine za kupumulia, lakini ilipoondoka haikutuachia muuguzi wa akili zahanatini.

Ya pili ni Zimbabwe, na hii watu wetu wataielewa upesi kwa sababu ni baraza iliyovalishwa koti la hospitali. Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare. Hawakuwa wasomi wa saikolojia. Walifunzwa kumkaribisha mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, kumsaidia achague tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia hatua ya kwanza. Ugonjwa hawakuuita kwa jina la kizungu, waliuita kwa Kishona, neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliowafuata watu 573 katika kliniki 24, ulikuta waliokaa na akina bibi wana nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mtindo huo umeshafika Zanzibar. Kutoka Zanzibar kuja hapa ni safari ya usiku mmoja kwa jahazi.

Na tusiende mbali hivyo. Makueni, hapa hapa Kenya, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei waliwafunza wauguzi na matabibu wa vituo vidogo, na wakawaingiza katika mpango huo waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, ili wao wamtambue mgonjwa na kumwelekeza kituoni. Hilo la waganga litawakera baadhi ya wasomaji wangu, najua. Mimi mwenyewe nimeona pesa ya ng'ombe mzima ikiishia kwenye ubani na kuku mweusi huku mgonjwa anazidi. Lakini nimeona pia kwamba mama wa Kipwani, mwanawe akianza kusema peke yake, hakimbilii kliniki. Anakwenda kwa shehe amsomee au amwandikie kombe, au anakwenda kwa mganga. Huyo ndiye anayemwona mgonjwa kwanza. Akifunzwa kusema "Mimi nitamwombea, na wewe mpeleke pia kwa daktari", tumeokoa miezi. Shehe aliyemsomea mdogo wangu zamani ndiye aliyetuambia twende hospitali. Bila yeye mamangu asingekubali.

Sasa tuna wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchi nzima tangu 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yenye kipima shinikizo la damu na kipima sukari. Mmoja hupita kwetu. Ni binti mwenye heshima, anajua nani ana presha mtaani na nani mjamzito. Siku moja nilimwuliza kama anajua nyumba zenye mgonjwa wa akili. Akasema anazijua zote. Nikamwuliza huwaandika wapi. Akatabasamu.

Ndiyo maana nikiulizwa sera ifanye nini kabla ya janga lijalo, sianzi na jengo jipya. Naanza na orodha ya wagonjwa iliyoko kwenye zahanati ya mtaa. Pili, muuguzi mmoja pale aliyefunzwa kwa mwongozo ambao WHO imeuandika mahsusi kwa wasio mabingwa, anayejua kudunga ile sindano na kutambua sonona ya mzazi. Tatu, dawa chache za msingi kwenye rafu, ambazo nyingi ni za zamani na si za bei ya kutisha, zitoke kwa miezi miwili au mitatu kwa mpigo barabara zikifungwa. Nne, barua fupi au kadi ambayo mgonjwa anaionyesha kizuizini bila kuitangaza siri yake kwa foleni nzima. Hiyo ya nne haigharimu chochote ila wino, na ndiyo iliyotushinda.

Kaunti hupeleka makadirio ya bajeti katika bunge lao kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na huwa kuna vikao vya umma vya kutoa maoni. Nimehudhuria viwili. Watu tunauliza barabara, taa, maji, basari, na ni haki yetu. Kwenye kikao cha pili nilisimama nikauliza: katika fungu la afya, afya ya akili ina mstari wake, au imemezwa ndani ya "huduma nyinginezo"? Ofisa aliyekuwa mbele alipekua karatasi kwa muda mrefu, akasema atanijibu kwa maandishi. Nilipokaa chini, mama mmoja nisiyemjua, amevaa buibui, alinigusa bega akaninong'oneza, "Wangu anatumia vidonge. Asante." Hakusema zaidi, naye aliondoka kabla kikao hakijaisha.

Jibu la maandishi bado nalingoja. Kwa sasa mamangu ana sera yake. Kila mwezi tunanunua chupa moja ya ziada kwa karatasi ya daktari, na kuna muuguzi mstaafu mtaa wa pili aliyekubali kuja kudunga ikibidi. Chupa hiyo ya akiba iko kabatini, nyuma ya chetezo na vikopo vya udi, na kila mwandamo wa mwezi mamangu huitoa, akavaa miwani, akasoma tarehe ya mwisho ya kutumika.